Bollocks: neno ambalo Kiingereza changu cha darasani hakikuwa nalo

Neno lenyewe ni bollocks. Nalitaja mapema ili mwenye haya aage mapema. Ni tusi la Waingereza, na ukilitafuta kwenye kamusi utaambiwa ni korodani. Hapo kamusi itakuwa imekupa sehemu ndogo kabisa ya habari.

Kabla ya kuja huku Uingereza nilikuwa mwalimu wa Kiingereza sekondari, Tanga. Sarufi niliimudu. Ukiniuliza tofauti ya "went" na "has gone" ningekueleza mpaka uombe nikuache. Nilipofika Nottingham nikaanza kazi ya kea kwenye nyumba ya kulea wazee, nikagundua kwamba taarifa ya habari naielewa yote ila mpishi wetu simwelewi. Watu wa Nottingham humwita kila mtu "duck", yaani bata: mwanamke, mwanamume, dereva wa basi, hata daktari. Salamu yao ya "ay up me duck" haimo katika kitabu chochote nilichowahi kufundishia. Hiyo niliizoea haraka. Bollocks ilinichukua muda mrefu, maana kila aliyeitamka alikuwa na lake.

Kulikuwa na bibi mmoja, chumba chake karibu na ngazi, ambaye ujanani alifanya kazi kwenye kiwanda cha sigara cha Player's. Uzi wa kufumia ukimponyoka alisema kwa upole kabisa, "Oh, bollocks," halafu akaendelea kufuma. Bibi yangu angesema "Ala!" tu. Mzee mwingine, aliyekuwa mchimba makaa ya mawe, neno hilo aliliweka akiba kwa ajili ya wanasiasa. Waziri akitokea kwenye televisheni, mzee anatikisa kichwa: "Load of bollocks." Upuuzi mtupu. Hapo Mtanzania hahitaji mkalimani, kwa sababu na sisi tunasema mtu anaongea pumba. Pumba ni makapi ya nafaka, chakula cha kuku na ng'ombe, neno safi ambalo unaweza kulisema mbele ya mkwe. Badilisha herufi yake ya mwisho uone kama utabaki na huyo mkwe. Sisemi maneno hayo mawili yana undugu. Nasema tu kwamba kila nilipomsikia yule mzee nilikuwa namsikia kwa Kiswahili, nacheka peke yangu na trei mkononi.

Ualimu haumtoki mtu. Nikaanza kuona kwamba neno hili lina sarufi yake, tena kali. Likisimama peke yake ni mguno wa mtu aliyekereka, au jibu kwa anayedanganya. Likifuatwa na "to", kama katika "bollocks to that", ni kukataa kwa dharau: potelea mbali, sifanyi. Likinyambuliwa likawa "bollocksed" ni kitu kimeharibika, na ndivyo fundi wetu wa jengo alivyotangaza kifo cha lifti, tukapandisha sahani za chakula kwa ngazi wikiendi nzima. "Bollocking" nayo ni karipio la kumtoa mtu jasho. Meneja wetu wa wakati ule alikuwa hodari wa kuzigawa. Mtu akitoka ofisini kwake macho mekundu, wenzake wananong'ona: kapewa bollocking, au yalikuwa mazungumzo? Kwa sababu karatasi za ofisi huyaita yote mawili mazungumzo. Nami nilishapewa yangu, kwa jambo lililofanywa na zamu ya usiku.

Kilichonishangaza zaidi ni wanawake. Mhudumu mwenzangu, mama wa watoto, alikuwa akilalamika kwamba anafanya kazi "my bollocks off", yaani mpaka korodani zimdondoke, kana kwamba anazo. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Kiungo kilishatoka ndani ya neno siku nyingi, ikabaki nguvu yake tu.

Halafu kuna la mbwa.

Krismasi wafanyakazi huleta vyakula vya kwao, nami nikaleta pilau ya nyama, binzari nyembamba ya kutosha. Fundi akala, akaongeza, akafuta mdomo, akatangaza chumba kizima kisikie: "That's the dog's bollocks, that, duck." Mwenzangu Mkenya, mlokole wa kweli, akaweka kijiko chini. Akaniuliza kwa Kiswahili, "Mwalimu, huyu amesema nini kuhusu chakula chako?" Nikamjibu amekisifu. Hakuamini, na simlaumu. Korodani za mbwa! Kwetu pwani mbwa peke yake angetosha kuharibu shughuli. Lakini ndivyo ilivyo: bollocks isiyo na mbwa ni kitu cha ovyo, na "the dog's bollocks" ni kitu bora kupita vyote. Mwalimu mzima, sikuwahi kufikiria kwamba neno fupi kama "the", na mnyama wake nyuma, linaweza kugeuza tusi likawa sifa.

Mtindo wa kusifia kwa viungo vya wanyama una umri. Miaka ya 1920 kitu kizuri kiliitwa magoti ya nyuki au sharubu za paka. La mbwa lilishika baadaye sana. Mwaka 1989 jarida la vichekesho la Viz lilitoa mkusanyiko wenye jina hilo kwenye jalada. Lakini wapiga chapa walikuwa na mbwa wao kabla ya hapo. Kamusi ya misimu ya Eric Partridge, toleo la 1949, inasema jina hilo walilipa alama ya nukta mbili ikifuatwa na kistari kirefu, hivi :— . Itazame vizuri. Mimi nimeiandika ubaoni miaka mingi, kabla ya kila orodha ya mifano, mbele ya watoto wa watu.

Baada ya pilau nikaanza kulifuatilia neno lenyewe siku zangu za mapumziko. Lina umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "beallucas", na wataalamu hulihusisha na mzizi ule ule uliotoa "ball", tufe. Kile kiishio cha "-ock" ni cha udogo, kama katika "hillock", kilima kidogo. Vijitufe, basi. Hakuna tusi hapo. Wafuasi wa John Wycliffe walipoitafsiri Biblia miaka ya 1380 walilitumia bila wasiwasi katika Mambo ya Walawi 22:24, pale Mungu anapokataza kutolewa sadaka mnyama aliyeharibiwa huko. Lilikuwa neno la mfugaji na la Maandiko kwa pamoja. Fungua tafsiri ya Mfalme James ya 1611, aya hiyo hiyo: kuchubuka kupo, kusetwa kupo, kuvunjika na kukatwa vipo, ila kiungo chenyewe kimeondoka. Msomaji akisie. Sura inayotangulia, walipolazimika kukitaja, waliandika "mawe".

Na si Biblia tu. Wanaume wa zama za kati walivaa kiunoni jambia lenye vifundo viwili vya mviringo pale mpini unapokutana na bapa, na mpini wenyewe umesimama katikati. Waliliita "ballock dagger", mchana kweupe. Meli ya kivita Mary Rose, ya Mfalme Henry VIII, ilizama mwaka 1545, na mabaki yake yalipoinuliwa mwaka 1982 majambia ya aina hiyo yalikuwa miongoni mwa vitu vyake. Wasomi wa enzi ya Malkia Victoria walipoyaandika waliona aibu, wakayaita majambia ya figo. Figo! Anayetaka kujua tafsida ni nini, asome hiyo badala ya kitabu changu cha kidato cha tatu.

Kufikia 1785 neno lilikuwa limeshahamia mitaani. Francis Grose analiweka katika kamusi yake ya lugha ya watu wasio na adabu, na anaongeza kwamba ni jina la utani la kasisi pia. Hilo la kasisi lishikilie, lilikuja kuhitajika mahakamani.

Mahakama yenyewe ilikuwa hapa hapa Nottingham. Niliisikia kwanza kwa fundi, ambaye ujana wake ulikuwa wa punk, muziki wa vijana waasi, nywele wima, pini shavuni. Oktoba 1977 bendi ya Sex Pistols ilitoa albamu yenye neno bollocks katika jina lake, maandishi makubwa juu ya jalada la njano. Duka la santuri la Virgin, mtaa wa King Street, likaipamba kwenye dirisha. Polisi wakamfungulia mashtaka meneja wa duka chini ya sheria ya matangazo machafu ya mwaka 1889, sheria ya enzi ya wale wa figo. Upande wa utetezi ukamleta John Mortimer, wakili na mwandishi wa tamthilia, naye akamwita shahidi asiyetarajiwa: James Kinsley, profesa wa Kiingereza wa Chuo Kikuu cha Nottingham, ambaye pia alikuwa kasisi wa Kianglikana. Profesa akaieleza mahakama historia ya neno, akafika kwenye lile jina la utani. Makasisi, alisema, walijulikana kwa kuongea upuuzi mimbarani, na hivyo neno likapata maana ya upuuzi. Tarehe 24 Novemba 1977 mahakimu wakamwachia huru meneja, huku mwenyekiti wao akieleza wazi kwamba wanafanya hivyo shingo upande, maana wanachukizwa na kuchuma faida kwa uchafu.

Fundi huisimulia kesi ile kama ushindi wa vijana. Mimi ushahidi wa profesa unanipa mashaka, ingawa ni nani mimi. Alisema kweli kitaaluma, lakini hakuna kijana hata mmoja aliyenunua albamu ile akimfikiria kasisi. Wote walijua wanachokitafuta, na mahakimu walijua, na ninadhani profesa mwenyewe alijua kuliko wote. Hoja iliyonishika ni nyingine ya Mortimer: magazeti yaliyolichapa neno lile lile hayakushtakiwa, kwa nini ashtakiwe muuza santuri? Hapo hawakuwa wanaamua tena maana ya neno. Walikuwa wanaamua nani ana ruhusa ya kulitoa. Nikiteremka King Street kwenda Old Market Square naona watu wanaingia na kutoka madukani, hakuna anayeinua macho.

Siku hizi ukali wake umepimwa rasmi, maana Waingereza hupima kila kitu. Mwaka 2000 wadhibiti wa matangazo na utangazaji waliwauliza wananchi ni maneno gani yanawaudhi zaidi, na bollocks ikashika nafasi ya nane. Mwaka 2016 Ofcom, mamlaka inayosimamia utangazaji, ililiweka daraja la kati: huenda lisifae kwenye televisheni kabla ya saa tatu usiku, na watu hulivumilia zaidi likimaanisha upuuzi kuliko likimaanisha kiungo. Yaani chombo cha umma kimekaa kikao kikaandika kile ambacho bibi wa uzi alikuwa anakijua. Kisha 2019 chama cha Liberal Democrats kikaingia uchaguzi wa Bunge la Ulaya kwa kaulimbiu ya "Bollocks to Brexit", Brexit ikiwa ni Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, kikashika nafasi ya pili. Mapema mwaka huo spika wa bunge, John Bercow, alibanwa mbele ya wabunge kuhusu stika yenye maneno hayo kwenye gari, akajibu kwamba gari ni la mke wake. Wasiotaka kulitaja kabisa wana milango ya nyuma. Wapo wanaosema "cobblers", ambao ni washona viatu, kwa njia ya vina vya mitaani ambavyo sitavieleza hapa. Na mwaka 2003 waziri wa mambo ya nje Jack Straw alisema jambo fulani la serikali yake lilikuwa "a complete Horlicks". Horlicks ni kinywaji cha maziwa cha kunywa kabla ya kulala. Kila Mwingereza alisikia kilichofichwa humo.

Watu huniuliza kama nami nalitumia. Hapana. Si kwa utakatifu. Waingereza waliotutawala walituachia bladifuli, tukaibatiza ikawa yetu, na hiyo mtu akiniambia damu inachemka kabla sijafikiri, ingawa mtoto wa Tanga anayeitamka hajui kwamba mwanzo wake ni neno la damu. Bollocks naielewa, naweza kuichambua kama sentensi ubaoni, lakini haichemshi kitu. Jean-Marc Dewaele wa Chuo cha Birkbeck, London, amewachunguza watu wenye lugha nyingi kwa miaka mingi, na ameona jambo hilo hilo: tusi la lugha uliyojifunza ukubwani mara nyingi halina uzito wa lile ulilolisikia utotoni. Asiyesikia uzito ni rahisi kuangusha kitu. Niliwahi kumsikia kijana mgeni, wa siku chache tu kazini, akilirudisha kwa mzee aliyelitoa kwanza, kwa nia ya utani. Chumba kilinyamaza. Mzee alikuwa na haki nalo, kijana bado.

Kazini limenidai jambo moja tu, kuliandika. Kazi ya kea nusu yake ni kuosha na kulisha, nusu ni rekodi. Wengi wetu tuliotoka kwenye adabu za nyumbani huandika "ametumia lugha isiyofaa". Nesi mmoja wa siku nyingi alitukataza. Andikeni alichosema, alituambia, na saa. Bibi mpole ambaye hajatukana maisha yake yote, akianza ghafla mchana mmoja kuporomosha matusi, huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo yaliyomvuruga akili, na daktari akisoma "lugha isiyofaa" hatajua kama ni desturi yake au ni ugonjwa wa leo. Na mzee mtukanaji akinyamaza, hilo nalo liandikwe. Tangu hapo rekodi zangu zina Kiingereza ambacho mkaguzi wa shule wa kule nyumbani angekitia kalamu nyekundu ukurasa mzima.

Aliyenifundisha zaidi ya nesi ni mzee aliyeletwa kwetu baada ya kiharusi. Usemi wote uliondoka. Jina la mkewe, namba, ndiyo, hapana, vyote. Likabaki bollocks, safi, kama mtangazaji wa redio. Jambo hili si geni. Daktari John Hughlings Jackson aliliandika London karne ya 19, kwamba mgonjwa aliyepoteza maneno anaweza bado kuapa na kutukana. Inaonekana matusi hayategemei njia zile zile za ubongo tunazotumia kupanga sentensi. Binti yake alilia siku ya kwanza, na kilichomliza zaidi ni neno. Baba alikuwa mtu wa kanisa la Methodisti, alisema, hakuna aliyewahi kumsikia akitukana. Akatuomba tusimfikirie vibaya.

Hatukuwa na nafasi ya kumfikiria vibaya, tulikuwa na kazi ya kumwelewa. Bollocks fupi na ya kushuka ilikuwa hapana. Ya kuvuta, macho yamefumbwa, maumivu. Hapo tunaangalia bega la kulia, ndilo lililomsumbua. Ya kupanda, nyusi juu, ni swali. Mbili za haraka ni kicheko. Mwenzangu Mkenya, yule wa pilau, ndiye aliyekuwa mkalimani bora kuliko sote. Tukiwa tumekwama alikuwa anaitwa kutoka ghorofa nyingine, anainama kando ya kitanda, anasikiliza, anasema, "Anataka dirisha lifungwe." Na mzee anatulia. Yeye mwenyewe hajalitamka mpaka leo; akisimulia husema "lile neno lake".

Binti alikuwa akipiga simu jioni. Mwanzoni aliuliza "Leo kasema lolote?" kwa sauti ya mtu anayeomba jibu liwe hapana. Baada ya miezi akawa anauliza kwa hamu.

"Amesema chai imepoa," nikamwambia jioni moja. "Amesema Nottingham Forest hawana mabeki. Amesema hataki kuoga, akaoga."

"Na meneja alipopita kumsalimia?"

"Hiyo nimeiandika neno kwa neno."